Kiwewe cha Lamu Kitibiwe

Usiku wa Juni 15, 2014 wauaji waliivamia Mpeketoni, katika Kaunti ya Lamu, na katika muda wa siku mbili watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Walionusurika walipewa pole, wakaachwa. Lakini kiwewe hukaa mwilini: kifua hubana, usingizi hukimbia, na mtu huweza kujihisi kana kwamba hayumo katika mwili wake mwenyewe.

Mwaka 2023 Australia iliwaruhusu madaktari wa akili kutibu kiwewe kwa dawa ya MDMA. Marekani iliikataa mwaka 2024, ikataka utafiti zaidi. Nchini Kenya dawa hiyo ni marufuku, nasi hatuoni haja ya haraka. Hata hivyo, kumwongoza mgonjwa apumue, ajinyooshe na kuuhisi mwili wake tena hakuhitaji kibali cha mtu. Waganga wa pepo wa pwani, ambao wasomi wetu huwabeza, walianzia mwilini zamani, kwa ngoma na ubani.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu huu. Serikali ya Kaunti ya Lamu haina budi kuajiri washauri wajuao Kiswahili, wakae Mpeketoni, na wavuke kwa mashua hadi Faza na Kizingitini.