Tujue Pia Kuuzima Umeme wa Jua

Vijijini mwa Pate, Ndau na Kiwayu, mtoto asomaye usiku aghalabu hana haja tena ya koroboi. Umeme wa jua umemtoa katika moshi, na neema hiyo hapana aikataaye. Linalonitia hofu ni kwamba wengi wetu tulifundishwa kuuwasha umeme huo, wala hatukufundishwa kuuzima.

Nililitambua jambo hili nilipotaka kuezeka upya paa la nyumba yangu. Nilizima taa zote, nikadhani nimemaliza. Fundi wa makuti alipouchomoa waya wa paneli, cheche ilimrukia mkononi. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Paneli haina usingizi maadamu jua linaiangaza. Swichi ya taa huzima taa tu, hali umeme ungali unapita kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Tena umeme huo hutiririka upande mmoja daima. Ule wa gridi hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, na kila ugeukapo hufika sifuri. Ndiyo sababu cheche ya sola, hasa katika mitambo mikubwa, ni ngumu zaidi kuzimika.

Basi utaratibu ni huu: zima vyombo vyote, kisha inveta kama ipo. Halafu tenganisha paneli kwa swichi yake, na mwisho betri. Kuitangulia betri kwaweza kukiunguza kidhibiti cha chaji. Pasipo na swichi, paneli ifunikwe kwa turubai zito lisilopitisha nuru, au kazi ingojee usiku. Wakati wa kuwasha, betri hutangulia, paneli hufuata.

Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba huko Faza. Sisemi kwamba sola ndiyo iliyouleta. Nasema makuti hayaulizi cheche imetoka wapi.

Kanuni za mwaka 2012 ziliwataka mafundi wa sola nchini Kenya wawe na leseni. Hilo ni jema, lakini leseni ya fundi haimsaidii mama aliyeachiwa swichi asizozijua. Fundi asiondoke kabla ya kumwonyesha mwenye nyumba namna ya kuzima. Nanyi walimu, lifanyeni hili kuwa somo: kila mwanafunzi aandike utaratibu huu kwa Kiswahili, aubandike ukutani karibu na betri ya kwao. Tahadhari ni kabla ya hatari, na karatasi moja ni bei rahisi kuliko paa.