BENKI YA CHAKULA SI MSHAHARA, LAKINI TUIUNGE MKONO

Ndugu wafanya kazi,

Twamkumbuka mwenzetu aliyepunguzwa kazini. Tulichanga, akanunua unga, kisha mchango ukaisha na watoto wake wakarudia uji mtupu. Wakati huo huo sokoni nyanya zilikuwa zikitupwa. Jambo hili limetufanya tufikiri juu ya benki za chakula.

Benki ya kwanza ya namna hii ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani, na bwana John van Hengel. Alikutana na mama aliyekuwa akiwalisha watoto wake chakula kilichotupwa na duka, nacho kilikuwa kizima. Mama yule akasema yafaa pawe mahali pa kuweka chakula kama fedha zinavyowekwa benki, ili mwenye shida akachukue.

Kazi yake ni hii: hupokea chakula kisichouzika kutoka mashambani, viwandani na madukani, hutoa kilichooza, kisha kizuri hugawiwa shule, makao ya watoto na vikundi vya mitaa. Hapa Kenya, Food Banking Kenya yafanya kazi hiyo.

Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2022 majumba, hoteli na maduka ya dunia yalitupa zaidi ya tani milioni 1,000 za chakula. Kwetu mishiri hukataliwa na wanunuzi wa ng'ambo kwa sababu imepinda. Je, tumbo lajua kilichopinda?

Sisi wa reli twajua kwamba mzigo usio na behewa huozea stesheni. Chakula kipo. Kinachopungua ni ghala, gari na watu wa kukichukua kabla hakijaharibika.

Lakini tusidanganywe. Tajiri asije akasema, "Benki ya chakula ipo, kwa hiyo mshahara watosha." Mtu afanyaye kazi mwezi mzima anunue unga wake mwenyewe. Wala isiachwe iwe hisani ya wakubwa tu: mwaka 2016 Ufaransa ilitoa sheria kuyakataza maduka makubwa kuharibu chakula kinacholika, na kuyataka yapatane na vyama vya msaada. Nasi tuidai sheria kama hiyo.

Shauri letu ni hili: kila tawi lichague watu wawili wakaonane na benki ya chakula iliyo karibu, na siku ya mapumziko twende tukapakue magunia. Aliye kazini leo hajui kesho.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mfanya kazi wa Reli