Kukingama si Mshazari

Mhariri mmoja alinifutia neno. Nilikuwa nimeandika kwamba asubuhi ya Saba Saba, 2025, magari ya polisi yalikingama kwenye Barabara ya Thika, tukateremka matatu na kutembea. Yeye akaweka “yalisimama mshazari”. Ati vijana hawajui kukingama.

Wee! Mshazari ni kwenda upande, kona hadi kona, kama mstari unaokata mraba. Gari likiegeshwa mshazari, boda bado inaweza kupenya. Kitu kikikingama kimelala kutoka ukingo huu hadi ule, na hupiti.

Halafu angalia neno lenyewe limetoka wapi. Limezaliwa na kinga, na hiyo kinga si ya chanjo pekee. Ukitega ndoo chini ya mabati mvua ikinyesha, unakinga maji. Kofi likija ukainua mkono, unakinga uso. Huku unapokea, kule unazuia, lakini kitendo ni kimoja: kuweka kitu kwenye njia ya kitu kingine.

Sasa ongeza -ama. Ficha ikazaa fichama, kwaa ikazaa kwama, kinga ikazaa kingama. Hiyo -ama inaeleza hali tu. Mtendaji anapotea. Ukisema gogo limekingama njiani, hatujui kama ni upepo uliliangusha au ni jirani mwenye chuki. Kwa gogo, sawa. Kwa gari la polisi, hapana bana. Hapo hata mimi niliteleza, na mhariri angenifutia kwa sababu hiyo ningemnunulia chai. Gari halijilazi barabarani. Kuna mtu alishika usukani akalikingamisha, na kuna mwingine aliyemwamuru.

Na msiniambie ilikuwa kinga, eti usalama wa raia. Kitenzi kukinga hakikubali kuachwa hivyo hivyo. Lazima useme unamkinga nani, na dhidi ya nini. Raia walikuwa ni sisi, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Tulikuwa tunakingwa dhidi ya nani? Dhidi yetu?

Nimemrudishia sentensi: “Polisi waliyakingamisha magari kwenye Barabara ya Thika.” Amejibu kwamba kukingamisha ni neno refu mno, na ameuliza kama siwezi tu kusema barabara ilifungwa.