Lenzi Njema ya Kamera
Anayenunua lenzi ya kuvuta picha karibu asome kwanza namba za ukingoni. Lenzi ya 18-55 iuzwayo pamoja na kamera huandikwa 3.5-5.6. Namba ikikua, tundu la nuru huwa dogo: ukivuta hadi 55, umebaki na 5.6. Lakini ile ya 17-55 yenye 2.8 haipungui, nayo hapo huingiza nuru mara 4. Ndani ya nyumba yenye giza, uso wa bibi arusi utaonekana wazi. Tena lenzi ya Canon haikai katika kamera ya Nikon.

Walakini ni nzito na ya bei kubwa. Apigaye picha mchana uwanjani asiguse fedha za shule za watoto. Apigaye arusi kwa malipo na aweke akiba, kwani arusi hairudiwi kwa ajili ya picha.