Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua: Mdaiwa wa Isingiro na Haki ya Kushauriwa

Mjadala wa madeni binafsi nchini Tanzania umezunguka kwa muda mrefu maswali mawili, yaani riba iwe kiasi gani na nani aruhusiwe kukopesha, huku swali la tatu, ambalo kwa mtu aliyekwisha kuelemewa ndilo la kwanza, likibaki pembeni: akishindwa kulipa, aende kwa nani kupata ushauri usio na masilahi ya mkopeshaji ndani yake? Isingiro, katika Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kulipimia swali hilo, kwa kuwa uchumi wake umejengwa juu ya migomba inayolisha kaya mwaka mzima na kahawa inayoleta fedha mara moja tu kwa mwaka, na kwa kuwa mpaka wa Uganda, ulio karibu, humpa mnunuzi asiye rasmi njia ya kupitishia mzigo.

Kahawa ya robusta ya Kagera huvunwa hasa kati ya Mei na Septemba, ilhali mahitaji ya fedha hayafuati kalenda hiyo. Michango na sare za shule hudaiwa Januari, ugonjwa hauna msimu, na msiba hauahirishwi. Katika pengo hilo ndipo ilipoota butura, jina linalotumika mkoani Kagera kwa ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini, aghalabu ikiwa ua au tunda bichi, kwa bei inayokubaliwa siku hiyo na kulipwa papo hapo, kisha mavuno yakifika mnunuzi huchukua mzigo wake hata kama bei imepanda maradufu. Kwa umbo ni mauzo, lakini kwa kazi inayoifanya ni mkopo ambao riba yake imefichwa ndani ya bei.

Hesabu ya mfano inatosha kuonyesha ukubwa wa riba hiyo. Mkulima akipokea shilingi 1,000 kwa kila kilo ya kahawa ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, na kilo hiyo ikauzwa shilingi 3,000 miezi mitano baadaye, atakuwa amelipa nyongeza ya shilingi 2,000 juu ya kila 1,000 aliyopewa, ambayo ni asilimia 200 kwa miezi mitano au wastani wa asilimia 40 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, hivyo butura ya mfano huu inaupita ukomo huo zaidi ya mara 11, na bado haihesabiwi kuwa riba. Mtetezi wa mnunuzi anaweza kujibu, na jibu lake lina uzito, kwamba mnunuzi naye hubeba hatari ya ukame, wadudu na kuanguka kwa bei. Hata hivyo, pale ambapo upungufu wa mavuno huhamishiwa msimu unaofuata, hatari hiyo humrudia mkulima yuleyule, naye huanza mwaka mpya akiwa tayari ameuza sehemu ya mwaka huo.

Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na viongozi wa mkoa na wilaya huirudia marufuku hiyo karibu kila msimu unapokaribia. Nia yake ni njema, lakini athari yake kwa mdaiwa haijapimwa ipasavyo. Marufuku inaugusa mkataba bila kuigusa njaa ya fedha iliyouzaa, na baya zaidi, inamweka mkulima katika hali ya kuonekana mshiriki wa kosa, kiasi kwamba yule anayehitaji ushauri kuliko wote ndiye asiyethubutu kufika ofisi ya mtendaji wa kijiji au ya afisa ushirika kueleza kilichompata. Deni linalofichwa halina mpatanishi, na mnunuzi wa butura analijua hilo vyema, ndiyo maana hahitaji hata maandishi.

Mwaka 2018 Serikali ilipoelekeza kahawa ya Kagera ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, ambavyo kwa Karagwe na Kyerwa ni vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, ilitarajiwa kwamba mlanguzi angekosa nafasi. Yakasikika malalamiko ya malipo kuchelewa, na kila juma la kuchelewa lilikuwa sababu mpya ya kukopa. Minada iliyoanzishwa baadaye imeongeza ushindani wa bei, jambo la kupongezwa, ingawa bei nzuri ya Julai haimfikii aliyekwisha kuuza Novemba.

Butura haisimami peke yake. Kaya moja inaweza kuwa na deni la butura, rejesho la kikundi cha kuweka na kukopa, salio la mkopo wa simu kama Songesha na deni la duka, na kila mkopo mpya ukawa umechukuliwa ili kuziba pengo la uliotangulia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: la kwanza ni taasisi zinazopokea amana za umma, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mikopo ambayo wananchi wameibatiza jina la kausha damu hutoka zaidi kwa wale wanaofanya kazi ya daraja la pili pasipo leseni, au wenye leseni lakini wanaouzunguka ukomo wa riba kwa kuongeza ada na faini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, hatua iliyowasaidia waliokuwa bado hawajakopa. Kwa waliokuwa tayari wamekopa, tangazo halikusema wafanye nini na deni lililobaki.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kinapoonekana. Ukiwaorodhesha wote ambao mdaiwa wa kijijini anaweza kuwauliza, utakuta karibu kila mmoja ana mkono katika deni lenyewe. Mwenyekiti wa kikundi ana hisa katika fungu linalodaiwa. Ofisa mikopo hupimwa kwa marejesho anayoyakusanya. Karani wa chama cha msingi ndiye anayesimamia makato ya pembejeo. Mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia mkataba, na huenda muhuri wake ndio uliotumika kuthibitisha kibanja, yaani shamba la migomba la kaya, kuwa dhamana. Hakuna ubaya wa lazima katika nafasi hizo, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia mdaiwa, bila kujipinga, kwamba deni fulani lisubiri ili jingine litangulie. Elimu ya fedha, ambayo taasisi nyingi huitaja kama jibu, haizibi nafasi hiyo, kwa sababu elimu humfaa mtu kabla ya kukopa, ilhali ushauri wa madeni, yaani msaada wa mtu huru anayezipitia hesabu za mdaiwa na kuzungumza na wadai kwa niaba yake, humfaa baada ya mambo kuharibika.

Mshauri wa namna hiyo angefanya nini hasa huko Isingiro? Angeanza kwa kuyaandika madeni yote mahali pamoja, kazi inayoonekana ndogo lakini ambayo wadaiwa wengi huikwepa kwa hofu, kisha angetenganisha yaliyofungwa kwa dhamana na yasiyo na dhamana, kwa kuwa kosa la kawaida ni kumlipa kwanza anayepiga kelele zaidi, wala si yule anayeweza kweli kuchukua kibanja. Angedai nakala ya kila mkataba, angeuliza leseni ya mkopeshaji, na angeilinganisha riba na ukomo wa kisheria: mkopo wa shilingi 500,000 kwa asilimia 3.5 huzaa shilingi 17,500 kwa mwezi, kwa hiyo anayedai 150,000 kwa mwezi huo ana jambo la kueleza Benki Kuu, ambayo tangu mwaka 2019 ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Angemzuia mdaiwa asichukue mkopo mwingine kulipia huu, na angewaomba wadai wapange marejesho yafuate mavuno badala ya mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi ni kalenda ya mshahara, na mkulima hana mshahara.

Zaidi ya hesabu, angemweleza mdaiwa sheria inayomlinda, ambayo ni pana kuliko watu wanavyodhani. Deni ni shauri la madai, si la jinai, kwa hiyo kumpeleka mdaiwa kituo cha polisi ili atishwe hakuna msingi pale ambapo hapakuwa na udanganyifu. Kubeba godoro, televisheni na masufuria ya mtu bila amri ya mahakama si utekelezaji wa hukumu, kwa kuwa hukumu yenyewe haijatolewa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayotumika kuanzia Mahakama ya Wilaya, inakinga mavazi, vitanda na vyombo vya kupikia, nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye riziki yake yote inaitegemea, ingawa kinga hiyo hulegea mali yenyewe inapokuwa imewekwa rehani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa silaha yule ambaye majina yaliyomo katika simu yake yamegeuzwa kuwa orodha ya kumwaibishia.

Zamani kazi hii ilifanywa na ukoo, ambao ulikuwa na haki ya kukikomboa kibanja kilichouzwa au kilichokuwa hatarini kupotea, kwa kumlipa mnunuzi fedha yake. Haki hiyo iliwabagua wanawake, na shauri maarufu lililoamuliwa na Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 kuhusu ardhi ya ukoo ya Wahaya liliwapa wanawake haki sawa ya kuuza ardhi waliyorithi, uamuzi usiostahili kujutiwa. Wanaotamani ukoo urejeshewe nguvu zake zote husahau nani aliyekuwa akilipia ulinzi huo. Lakini wanaoucheka husahau kwamba tangu ulipodhoofika, hakuna taasisi iliyokaa mahali pake.

Pingamizi kubwa dhidi ya ushauri wa madeni ni kwamba utawafundisha watu kutolipa, na kwamba vikundi vya akiba, ambavyo nguvu yake ni kuaminiana, vitavunjika. Kuhusu VICOBA pingamizi hili lina ukweli, kwa maana mdai wa mwanachama ni jirani mwenye shida kama zake, na mshauri anayelichukulia deni la kikundi sawa na la kausha damu atafanya madhara. Kuhusu wengine hoja ni dhaifu: mkopeshaji anayejua kwamba mdaiwa wake ana mtu wa kuusoma mkataba huwa na sababu ya kuuandika vizuri, na mdaiwa aliyepangiwa mafungu anayoyamudu hulipa zaidi kuliko aliyetorokea Kampala.

Nchi nyingine zimekwisha kulijibu swali hili kwa njia zao. Afrika Kusini, kupitia sheria yake ya mikopo ya mwaka 2005, iliitambua kazi ya mshauri wa madeni kuwa taaluma inayosajiliwa. Kenya, katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliweka utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, unaomwezesha mwenye madeni yasiyozidi kiwango kilichowekwa kuachiliwa baada ya miezi 12. Tanzania bado inategemea Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo njia yake hupita Mahakama Kuu, na kwa mtu wa Isingiro maana yake ni safari ya Bukoba, wakili, na gharama zinazoweza kulizidi deni lenyewe.

Si lazima kusubiri sheria mpya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa jamii waliopewa mafunzo ya kutoa msaada wa awali bila malipo, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa jina la Rais Samia imeonyesha kwamba huduma hiyo inaweza kufikishwa vijijini, ingawa imejikita zaidi katika ardhi, mirathi na ukatili wa kijinsia. Kuongeza madeni katika mafunzo yao ni gharama ndogo. Halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zingeweza kumpa kila mkopaji mshauri asiye mkusanyaji wa marejesho.

Linabaki suala la butura yenyewe, ambalo halitatatuliwa na mshauri peke yake. Njia ya busara ni kuacha kuitazama kama magendo tu na kuanza kuihesabu kama mkopo, ili mkulima aliyepokea 1,000 mahali pa 3,000 aweze kusimama mbele ya Mahakama ya Mwanzo na kuomba arudishe alichopewa pamoja na riba isiyozidi ile iliyoruhusiwa, kwa mafungu, bila kuogopa kuulizwa kwa nini aliuza ua. Hakimu atalazimika kuamua kama anatazama jina la mkataba au kazi yake, na hoja hiyo haiwezi kufika mbele yake mpaka awepo mtu wa kumsaidia mkulima wa kwanza kuiandika.