Jicho la Mchoraji



Juma lililopita mama mmoja alitujia na daftari la bintiye. Binti amechora kwa penseli mlango wa nyumba yao, kila msumari mahali pake. Mama akauliza, "Sheikh, kuna faida gani, na simu yapiga picha mara moja?"

Tulimweleza habari za Richard Estes, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1932. Huchora barabara za New York, vioo vya maduka na vibanda vya simu, hata mtazamaji akadhani ni kazi ya kamera. Lakini hanakili picha moja. Hupiga nyingi, akachukua hapa kivuli, pale mng'ao wa kioo, na takataka akaziacha. Jiji lile lenye mamilioni ya watu, kwake mara nyingi huwa tupu na kimya. Utulivu ule si wa New York, ni wake mwenyewe.

Nasi chuoni twalijua hilo. Wanafunzi hunakili ubao mmoja wa maalimu, na bado kila hati hujulikana mwenyewe.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuchora vyenye roho. Mlango hauna roho. Basi tukamuuliza binti, "Kwa nini mlango huu?"

Akajibu, "Ndipo alipotokea baba alipokwenda Arabuni."

Mama alilifunga daftari taratibu, akalikumbatia.

Wazazi wenzetu, kabla ya kukemea, tuulize. Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kuwasikiliza watoto wetu. Amin.