Tahariri: Mkubwa Ana Faili, Kibarua Hana



Kila siku kabla jua halijachomoza, wenzetu wengi hutoka Kibera na Kawangware kwa miguu kwenda Kilimani, Lavington na Kileleshwa kutafuta kibarua cha mjengo. Huko nyumba za zamani zinabomolewa ili maghorofa yajengwe. Kazi ya kwanza ya ubomoaji ni kushusha paa, na baadhi ya mapaa hayo, hasa ya vyumba vya nyuma, stoo na gereji za zamani, ni ya yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na simiti. Hiyo ni asbesto. Mnyapara husema "Angusha!" nayo huangushwa, ikavunjika vipande, na vumbi likapanda. Mtu hujifunga leso puani akaendelea. Jioni hulipwa akaenda zake, na hakuna aliyeandika jina lake popote.

Tahariri hii inahusu hilo jambo la mwisho, la jina kutoandikwa.

Kwanza tuseme ubaya wa vumbi lenyewe. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho zinapopeperuka. Nyuzi hizo zikiingia katika mapafu hazitoki. Huleta asbestosisi, ndiyo mapafu kukakamaa hata mtu hushindwa kupanda kilima. Huleta saratani ya mapafu, na zaidi kwa mvutaji wa sigara. Tena huleta mesothelioma, saratani ya ile ngozi laini inayofunika mapafu, ambayo matabibu hawajaipatia dawa ya kuiponya. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka ulimwenguni. Paa zima lisilovunjika halimdhuru aliyelala chini yake usiku huu, na hatutaki mtu apande leo kung'oa bati lake kwa hofu. Hatari ni kuvunja, kukata kwa msumeno, kutoboa na kufagia pakavu.

Tena ugonjwa huu hauji upesi. Hukaa miaka 20, 30, hata 40 ndipo ujitokeze. Kijana aliyeshusha paa akiwa na miaka 22 ataanza kukohoa akiwa babu, kontrakta amekwisha kufa au kampuni imekwisha kufungwa, na pale palipokuwa na nyumba pana ghorofa kumi.

Msidhani huu ni ugonjwa wa maskini peke yao. Admirali Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Marekani tangu 1970 hadi 1974, aliuawa na mesothelioma Januari 2000. Meli za vita za zamani zilijaa asbesto, imezungushwa kwenye mabomba ya mvuke na mitambo, na aliyelala katika chumba cha maafisa alivuta hewa ileile ya melini aliyovuta mchochea moto. Lakini tazameni namna wakubwa wa vita wanavyoshughulikiwa wanapougua.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1947 ilimzuia askari kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata kazini, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi 1987. Kwa hiyo askari na mabaharia waliovuta asbesto zamani hawakuwa na njia ya mahakama. Walibaki na pensheni tu, wakati raia aliyefanya kazi kiwandani aliweza kulipwa fedha nyingi kwa mkupuo. Wakapiga kelele kwa pamoja, na kuanzia Aprili 2016 askari wa zamani mwenye mesothelioma iliyotokana na utumishi wake akapewa haki ya kuchagua paundi 140,000 kwa mkupuo mmoja. Na alipokwenda kudai, jeshi lilikuwa na faili lake: alijiunga lini, alitumikia meli gani, kwa miaka mingapi. Faili ni nusu ya madai.

Tulinganishe na Waafrika wenzetu. Wachimba asbesto wa Afrika Kusini, pamoja na majirani wa migodi, waliishtaki kampuni ya Cape mjini London. Kampuni ilitaka kesi irudishwe kwao. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa. Mwaka 2003 kampuni ikakubali kulipa paundi milioni 7.5 kwa watu wapatao 7,500. Gawanyeni wenyewe: ni kama paundi 1,000 kwa kila mmoja. Hata hivyo walipata, kwa sababu walikwenda kwa maelfu wala hawakwenda mmoja mmoja.

Sasa turudi kwetu. Kenya ina Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA. Haiwahusu wanajeshi, wale wa Lang'ata Barracks hapo jirani na Kibera wana sheria yao na pensheni yao. Inatuhusu sisi. Haisemi juu ya ajali tu, bali na magonjwa yatokanayo na kazi. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia yake hupimwa kwa mshahara wa miezi 96. Madai hayaanzii mahakamani: Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali, na madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Tena yana muda wake, miezi 12, kwa hiyo anayeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake ni wa kazi asingoje mwaka upite akitafuta mganga mwingine.

Lakini Mkurugenzi atauliza: ulimfanyia nani kazi? Lini? Kwa mshahara gani? Na hapo kibarua wa Kawangware 46 atajibu nini? "Nilifanyia Mhindi mmoja," au "Nilifanyia yule kontrakta mwenye pikapu nyeupe." Mabwana, hayo si madai.

Sisi wa Kibera tungepaswa kuijua habari ya karatasi kuliko watu wote. Mtaa wenyewe ulianza kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari waliambiwa kaeni, lakini hati hawakupewa. Jamii yao ilipopata hati mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Na wazee wetu walichukia kipande, nao walikuwa na haki. Kilifungwa shingoni kama kengele ya ng'ombe, na bwana aliandika ndani yake jina lake, tarehe na mshahara, ili mtu asiweze kutoroka kazi mbaya. Kikafutwa 1947. Hatukitaki tena. Ila ni ajabu kwamba mkoloni aliyetaka kutufunga aliandika kila kitu, na tajiri wa leo anayetaka kutukwepa haandiki hata kidogo. Basi tujiandikie.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Kila kazi ya kubomoa, andika tarehe, mtaa na namba ya ploti, jina la kontrakta na la mnyapara, ulicholipwa, na majina ya wenzako wawili waliokuwapo. Pesa ikija kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Ubao wa mjengo ulio langoni upige picha, kwa maana huandikwa jina la kontrakta. Na aliyefanya mfululizo mwezi mmoja au zaidi akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, haimwachi kuwa kibarua tu.

Kazini, paa la asbesto likionekana, simamisheni kazi mmwambie mnyapara. Tangu 2006 kanuni za nchi zinahesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Si kitu cha kutupa mtoni Ngong wala cha kwenda kuuzwa kuwa ua wa choo. Hunyunyiziwa maji, hushushwa nzima, hufungwa ndani ya plastiki, na hupelekwa na wenye leseni ya NEMA. Vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, bila kukatwa senti. Leso haizuii nyuzi hizi. Wala ovaroli yenye vumbi usiende nayo nyumbani: katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mke anayeikung'uta na mtoto anayelala kando yake wanavuta lile lile. Huko ng'ambo wako wanawake waliokufa kwa kufua nguo za waume zao.

Tawi limefungua daftari kubwa la wote waliokwisha kufanya kazi ya asbesto, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Litakuwa mezani kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Njooni na majina ya wenzenu waliokuwapo. Asiyejua kuandika aje vilevile. Katibu ataandika, naye atasomewa kabla ya kutia dole.